Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Timu Inapolipa Ili Mchezaji Asiondoke

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Makongeni, Nairobi)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya michezo, na wengine wenu mmeshangaa. Mmeuliza, chama cha wafanyakazi na mpira wa kikapu vina uhusiano gani? Tulikuja hapa kuzungumza mishahara, hatukuja kuhesabu magoli. Basi tunawaomba mtuvumilie kidogo, maana maneno yetu ya leo ni ya mishahara tangu mwanzo hata mwisho.

Mchezaji ni mfanyakazi. Anauza nguvu za miguu na mikono yake kama sisi tunavyouza zetu. Yeye pia ana mwajiri, ana mkataba, ana siku ya kupokea mshahara na siku ya kuachishwa. Tofauti ni kwamba habari za mshahara wa mchezaji mkubwa hutangazwa redioni, na zetu hufichwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo tukimtazama yeye tunaona mchana kweupe mambo ambayo kwetu hufanywa gizani.

Tena katika mitaa yetu, toka Muthurwa na Makongeni hadi Kaloleni, Bahati, Mbotela na Jericho, ni nyumba chache sana zisizo na kijana anayekimbilia uwanjani jioni. Wengine wameanza kuletewa karatasi watie sahihi. Kwa ajili yao pia ni lazima tuyaseme haya.

Kwanza tuwape habari yenyewe.

Mwaka 2018 timu ya mpira wa kikapu ya Phoenix Suns huko Marekani ilimchukua kijana wa visiwa vya Bahamas aitwaye Deandre Ayton. Mwaka ule yeye ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabla ya vijana wote. Akacheza, na mwaka 2021 timu yake ikafika fainali ya ligi kuu. Baada ya hapo akawaambia wakubwa wake: nipeni mkataba mpya wenye mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa na mapatano. Wakubwa hawakukubali. Oktoba 2021 muda wa kupatana ukapita bila sahihi, na kijana akaendelea na kazi mwaka mzima kwa mkataba wake wa zamani.

Mkataba ule ulipokwisha, Julai 2022, timu nyingine iitwayo Indiana Pacers ilimwekea ahadi mezani: miaka 4, dola kama milioni 133. Akatia sahihi. Lakini kwa sheria za ligi ile, mchezaji wa namna yake yuko huru nusu tu. Anaweza kukubali ahadi ya watu wengine, lakini timu yake ya zamani wakati ule ilipewa muda wa siku 2 iseme kama itafikia bei ile ile. Ikisema ndiyo, mchezaji habanduki, atabaki pale pale kwa masharti aliyoahidiwa kwingine. Phoenix hawakuzingoja siku 2. Siku ile ile walisema: tunalipa.

Ndugu, hebu tusimame hapo tuulize. Oktoba 2021 fedha hizo hazikukubaliwa. Julai 2022 zilikubaliwa kwa muda wa saa chache. Ni kitu gani kilichobadilika? Kijana hakuongezeka urefu. Mikono yake ilikuwa ile ile, na tajiri alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni kimoja tu: alikuja mtu wa nje akataja bei. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa aliyekuja ni mgeni, na aliyepona ni mfanyakazi wa nyumbani.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Mwajiri anaposema "hatuna fedha," mara nyingi maana yake ni "hatujalazimika." Siku akilazimika, fedha huonekana.

Fundisho la pili liko ndani ya habari hiyo hiyo, nalo ni chungu. Ayton alipata mshahara, lakini hakupata nafasi ya kwenda alikotaka kwenda. Sahihi yake ya Indiana ilitumika kumpandishia mshahara Phoenix, basi. Wala msidhani kwamba timu iliyomng'ang'ania vile ilimpenda milele. Septemba 2023, mwaka mmoja na miezi michache tu baadaye, Phoenix hao hao walimbadilisha kwa wachezaji wengine, akapelekwa Portland. Haki ile ya kufikia bei ni mali ya timu. Timu inaitumia kwa faida yake, na faida yake ikigeuka, nayo inageuka.

Jambo hili si geni huko. Mwaka 1982 mchezaji mkubwa Moses Malone wa Houston Rockets aliahidiwa na Philadelphia dola milioni 13.2 kwa miaka 6. Houston wakasema tunafikia bei. Lakini hawakumweka. Walimpeleka Philadelphia papo hapo, nao wakapewa mchezaji mwingine, Caldwell Jones, pamoja na nafasi ya kuchagua kijana mpya. Mwaka 1983 Philadelphia wakachukua ubingwa wakiwa na Malone. Mnaona? Haki ya kufikia bei ilikuwa kama kizuizi cha njiani: gari litapita, lakini mwenye kizuizi lazima apewe chake.

Sasa mtu anaweza kusema, basi sheria hii ni mbaya, kwa nini wachezaji waliikubali? Jibu lake linatutaka turudi nyuma kidogo, tuone walitoka wapi.

Zamani katika ligi ile mchezaji hakuwa huru hata nusu. Mkataba ukiisha, timu ilikuwa na haki ya kumshika tena, na tena, na tena. Hakuna timu nyingine iliyoruhusiwa kumwita. Alikuwa na njia mbili: akubali anachopewa au aache kazi. Wachezaji waliunda chama chao mwaka 1954, mwanzilishi wake akiwa Bob Cousy wa Boston, na kwa miaka mingi matajiri walikisikiliza kwa sikio moja tu.

Januari 1964 likatokea jambo ambalo kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi apaswa kulijua. Wachezaji bora wa ligi nzima walikusanyika Boston kwa mchezo mkubwa wa mwaka. Watu wamekwisha jaa, kamera za televisheni ziko tayari. Wachezaji wakajifungia katika chumba cha kubadilishia nguo wakasema: hatutoki mpaka mtuahidi pensheni. Hawakudai magari, wala nyumba za fahari. Walidai pensheni! Matajiri walitisha, lakini mlango haukufunguliwa. Saa ya mchezo ilipofika shingoni, mkubwa wa ligi akatoa ahadi, ndipo wakatoka wakacheza. Wazee wetu waliostaafu hapa Makongeni wanajua neno pensheni lina uzito gani. Wale walikuwa watu maarufu, lakini walijua kwamba magoti huchoka na makofi ya watazamaji hayanunui unga.

Baadaye Oscar Robertson, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa, mtu mweusi aliyekulia Indianapolis, akawa rais wa chama chao. Mwaka 1970 chama kikaipeleka ligi mahakamani. Shauri lilichukua miaka 6. Lilipomalizwa kwa mapatano mwaka 1976, ile minyororo ya kumshika mtu daima ikakatwa. Mahali pake, baada ya muda, ikawekwa haki hii ya kufikia bei: timu haiwezi tena kumshika mchezaji bure, ni lazima ilipe alicholipiwa na mgeni. Mwaka 1988 chama kikasonga mbele tena, na wachezaji waliotumika miaka mingi wakawa huru kabisa, waende watakako bila kizuizi. Walioachwa chini ya sheria ya nusu ni wale ambao bado hawajatumika miaka mingi.

Basi, ndugu, sheria hii ya kufikia bei ilikuwa kituo kimoja njiani. Si mwisho wa safari, wala si mahali pa kuanzia. Waliotoka utumwani walipanda hadi nusu uhuru, na kutoka nusu wakapanda hadi uhuru, na kila kituo kililipiwa na michango ya wanachama na subira ya miaka.

Tuongeze neno moja ambalo magazeti husahau. Katika ligi ile si kila mchezaji anaitwa na timu mbili. Wako wanaokaa kwenye benchi tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho, na hakuna mgeni anayebisha hodi kwao. Hao wanalindwa na nini? Wanalindwa na mapatano ya chama. Ndani ya mapatano imeandikwa kwamba mshahara hautapungua kiasi fulani, na kiasi hicho kinapanda kwa kadiri ya miaka ya kazi. Imeandikwa pia kwamba wachezaji wote kwa jumla watapata karibu nusu ya mapato yote ya mchezo. Nyota analindwa na mshindani. Mtu wa benchi analindwa na chama. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Sasa turudi nyumbani.

Kwetu Kenya mpira wa kikapu umekuzwa sana na waajiri. Kenya Ports Authority, yaani watu wa bandari ya Mombasa, wana timu za wanaume na za wanawake. Wanajeshi wana Ulinzi Warriors. Benki ya Equity ina timu yake ya wanawake, Hawks. Siku hizi zimetokea pia timu zinazosimama zenyewe kama biashara. Nairobi City Thunder ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi ya Afrika iitwayo BAL, mwaka 2025, ingawa ligi hiyo ilianza mwaka 2021.

Katika timu ya mwajiri, mchezaji hushikwa na kazi. Anayemtaka lazima amwahidi kazi nyingine, na anayetaka kumzuia lazima ampandishe cheo au mshahara. Hapo hapana sheria iliyoandikwa ya siku 2, lakini mchezo ni ule ule: mgeni anataja bei, na mwenyeji anaamua kama ataifikia. Aliye na bahati anapona. Asiye na bahati anaambiwa barua yake ya ruhusa imepotea katika faili.

Barua hiyo tuiseme wazi. Mchezaji wa kikapu anayetaka kwenda kucheza nchi nyingine anahitaji barua ya ruhusa kutoka kwa shirikisho la nchi anayotoka. Kwa kanuni za shirikisho la dunia, FIBA, sababu ya kumnyima ni moja tu: kwamba bado amefungwa na mkataba. Kama mkataba umekwisha, haifai kumzuia kwa sababu ya hasira, wala kwa sababu kocha amenuna, wala kwa sababu "sisi ndio tuliokununulia viatu." Vijana wetu wengi hawalijui hili, na asiyejua haki yake ni rahisi kuuziwa haki hiyo.

Katika mpira wa miguu tuna mfano wa karibu, ambao kila mtu Afrika Mashariki aliufuata. Feisal Salum, mwana wa Zanzibar ambaye mashabiki humwita Fei Toto, alikuwa akichezea Yanga ya Dar es Salaam. Desemba 2022 alitaka kuondoka. Akatoa shilingi milioni 112 za Tanzania: milioni 100 alizopewa wakati wa kutia sahihi, na milioni 12 za mishahara ya miezi 3. Kwa hesabu hiyo kila mtu akajua mshahara wake ulikuwa milioni 4 kwa mwezi, na watu wakaanza kuulinganisha na umuhimu wake uwanjani. Ndipo lilipoenea lile neno la ugali na sukari, ambalo hata hapa Nairobi lilichekesha watu, lakini kwa mtu anayejua njaa si la kuchekesha.

Yanga wakakataa. Walisema mkataba wake unakwenda hadi Mei 2024, na kama anataka nyongeza aje mezani wazungumze. Januari 2023 kamati ya shirikisho la Tanzania ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba shauri litazamwe upya, hakufaulu. Mei akafikia kuwaomba wananchi wamchangie apeleke shauri mbele, Uswisi, kwenye mahakama ya michezo. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akawaomba viongozi wa Yanga walimalize, na siku chache baadaye wakapatana na Azam, naye akaenda Azam.

Ndugu, tusimhukumu kijana yule wala timu ile. Tutazame njia iliyopitiwa. Kwanza, mkataba ulikuwapo, na sisi watu wa chama hatuwezi kusema mkataba uchanwe na upande mmoja kila ukipenda. Leo tukichana sisi, kesho mwajiri atachana yetu. Ahadi ni deni. Pili, maneno ya nyongeza yalianza kusikika wakati mtu amekwisha fungasha mizigo. Tatu, mfanyakazi mmoja alibaki peke yake miezi 6 bila kucheza, hadi akasaidiwa na neno la Rais wa nchi. Je, kila mfanyakazi mwenye shauri atapata Rais wa kumsemea? Hatapata. Ndiyo sababu mambo haya yapatanwe mapema, kabla ya sahihi, na yawekwe katika karatasi: mshahara utapanda lini, kwa kipimo gani, na mtu akitaka kuondoka ni kiasi gani kitalipwa.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii.

Katika karakana moja ya jiji hili, ambayo hatutaitaja, yuko fundi wa kuchomelea vyuma. Mikono yake ni mizuri. Mwaka huu alipata wito kutoka kwa mkandarasi wa nje, kwa mshahara mkubwa kuliko wake. Akaandika barua ya kuacha kazi. Kabla ya siku kwisha aliitwa ofisini, akaambiwa: usiende, tutakulipa kama wale, lakini usimwambie mtu. Akabaki. Lakini siri ya mshahara haikai, hata ukiifungia ndani ya sanduku la chuma. Wenzake 5 wanaochomelea meza moja naye, kazi ile ile, saa zile zile, wakapata habari. Sasa hawamsalimu. Chai wananywa mbali naye. Wengine wamekuja kwetu wakitaka chama kimkemee, ati amewasaliti.

Tunasema hapa mbele yenu wote: hakusaliti mtu. Kupata thamani ya kazi yako si dhambi. Na wale wenzake 5, badala ya kumnunia, wangemshukuru. Kwa nini? Kwa sababu siku mwajiri alipofikia bei ya yule mkandarasi, alikiri kwa kalamu yake mwenyewe kwamba kazi ya meza ile ina thamani hiyo. Kabla ya siku ile tulipokwenda kuomba nyongeza tuliambiwa hakuna fedha na kazi haistahili. Sasa jibu hilo limekufa. Bei imejulikana. Kazi ya chama ni kuchukua bei hiyo, kuipeleka mezani, na kusema: huyu mmoja mmemlipa hivi ili asiondoke, basi walipeni na hawa wanaofanya kazi ile ile, wasije nao wakaandika barua.

Mwajiri anapenda sana kufikia bei ya mtu mmoja mmoja, kwa siri. Anajua ni rahisi. Kumpandishia mmoja ni nafuu kuliko kuwapandishia 6. Tena anapata faida ya pili: wale 6 wanaacha kuzungumza. Anayepandishiwa anaogopa kusema, wasiopandishiwa wanaona wivu, na meza iliyokuwa moja inakuwa meza mbili. Tukimchukia mwenzetu, tumemfanyia mwajiri kazi yake bure.

Na tukumbuke jambo jingine la sisi watu wa reli. Mchomelea vyuma ana bahati, maana vyuma viko kila mahali. Lakini mpanga mabehewa, mtu wa pointi, mtu wa ishara, gadi, dereva wa gari la moshi, hao wataitwa na nani? Mjini kuna mabenki mengi na maduka mengi, lakini reli si nyingi. Tangu mwaka 1948, ilipounganishwa East African Railways and Harbours, hadi ilipovunjika mwaka 1977, nchi tatu zilikuwa na mwajiri mmoja wa reli. Mtu wa pointi wa Nairobi hakuwa na jirani wa kumbishia hodi, wala wa Tabora, wala wa Kampala. Ufundi wake ulikuwa mkubwa, maisha ya abiria yalikuwa mkononi mwake, lakini sokoni hapakuwa na mnunuzi wa pili. Hata baada ya kugawanyika, kila nchi ilibaki na reli yake, na mtu wa pointi hahami nchi kwa urahisi.

Hapo ndipo tunalirudia lile neno la benchi. Nyota analindwa na mshindani, mtu wa benchi analindwa na chama. Sisi tusio na mgeni wa kutubishia hodi, chama ndicho mgeni wetu. Chama kinapoingia ofisini na kutaja bei, kinafanya kazi ile ile iliyofanywa na Indiana kwa Ayton: kinamlazimisha mwenyeji ahesabu upya. Tofauti ni kwamba chama hakiji kumwita mmoja, kinakuja kwa niaba ya cheo kizima. Na haki hii si hisani ya mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, ya hali nzuri ya kazi, ya kuingia katika chama, na ya kugoma.

Tumalize kwa mambo ya vijana wetu, kama tulivyoahidi.

Ninyi wazazi mnajua kwamba Victor Wanyama alikulia hapa jirani, Muthurwa, katika nyumba za reli, na mwaka 2013 alinunuliwa na Southampton ya Uingereza kutoka Celtic kwa pauni kama milioni 12.5. Kila mzazi anaota ndoto hiyo. Lakini jueni kwamba bei ile inalipwa na timu kwa timu. Bei ya mtu si mshahara wa mtu. Mshahara ni ule ulioandikwa katika mkataba wake. Kwa hiyo kabla kijana hajatia sahihi, tazameni haya:

Kwanza, miaka. Kwa kanuni za FIFA mkataba wa mpira wa miguu kwa kawaida hauzidi miaka 5, na wa kijana aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka 3. Akiletewa karatasi ya miaka 7, huo si mkataba, ni mtego.

Pili, mwisho wa mkataba. Ikibaki miezi 6 au chini, mchezaji ana haki ya kuzungumza na timu nyingine bila kuitwa mwizi.

Tatu, mshahara. Timu ikishindwa kulipa miezi 2, mchezaji aiandikie, aipe siku 15, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa haki. Aandike, asiseme kwa mdomo tu.

Nne, kuumia. Mkataba useme nani atalipa hospitali, na mshahara utaendelea muda gani kijana akiwa kitandani.

Tano, nakala. Kila mwenye sahihi awe na karatasi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hili ni la timu za mitaa pia: mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, sehemu ya 5 kwa 100 ya malipo ni ya timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Timu ya mtaa isiyo na orodha ya wachezaji wake haitathibitisha kitu, na fedha hizo zitakuwa za wengine.

Kijana akiletewa karatasi, asitie sahihi uwanjani, juu ya boneti la gari, jua likizama. Ailete ofisi ya tawi jioni. Katibu yupo, na miwani yake anayo. Tutaisoma pamoja neno kwa neno.

Nanyi mafundi wa ile meza, mkesha wa mkutano wa mishahara njooni nyote 6 pamoja, na yule mwenzenu akiwa katikati yenu. Aje na hati yake ya mshahara mkononi. Karatasi ile ndiyo tutakayoiweka mezani kwanza, kabla mtu hajafungua kinywa.